Mkataba wa hali bora kwa wasambaza mizigo wa Dodoma: kuanzia hesabu ya mfukoni hadi sahihi

Nyongeza ya shilingi 200 kwa kila oda inasikika tamu siku inayotangazwa. Baada ya muda petroli inapanda, eneo la kusambaza linasogezwa kutoka Makole hadi Iyumbu, na dereva anajikuta anarudi nyumbani na kile kile, pengine pungufu. Kampuni haijadanganya, imeongeza kweli. Ila imeongeza mahali ambapo pesa inavuja upande wa pili.

Kwa hiyo mwongozo huu utarudi kila mara kwenye swali moja: kwa saa moja ya kazi, baada ya kutoa gharama zote, kinabaki kiasi gani mfukoni? Chama, sheria na meza ya mazungumzo ni njia za kukifikia hicho, na mwisho wake ni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano yaliyoandikwa kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kuhusu malipo na masharti ya kazi.

Wanaolengwa ni wanaosambaza kwa kulipwa na kampuni au tajiri mmoja: vijana wa pikipiki wa chakula na vifurushi, madereva wa kirikuu na wasaidizi wao wanaopeleka soda, maji, mikate na gesi madukani, na wale wa bajaji za mizigo wanaotoa mali stoo kwenda mitaani. Anayejitegemea, leo anabeba wa huyu kesho wa yule, anahitaji ushirika au chama cha kijiwe, na hiyo ni habari nyingine.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya madai

Kila anayekubali aandike kwa mwezi mzima: saa aliyoingia, saa aliyotoka, idadi ya oda, kilomita kwa geji, muda wa kusubiri (jikoni, stoo, getini kwa mteja), mafuta, matengenezo, na kila makato aliyokatwa pamoja na sababu aliyopewa. Daftari la karatasi ni bora kuliko simu. Simu inaibwa, inaanguka, na historia ya oda kwenye programu ya kampuni inaweza kufungwa siku utakayoihitaji. Wachanganyeni watu: wa Area C na Area D wenye safari fupi, wa Nkuhungu na Chang'ombe, na hasa wale wanaopangiwa Mtumba, maana kwenda na kurudi huko kutokea mjini ni zaidi ya kilomita 30 na mara nyingi unarudi mtupu.

Tuchukue mfano wa kutunga, muuone ulivyo. Dereva ana pikipiki yake. Analipwa 2,000 kwa oda, anapeleka oda 14, jumla 28,000. Anatumia lita 3 za petroli, tuseme kwa 3,000 kila moja: 9,000. Bando na vocha 1,000. Oili, tairi, breki na cheni anatenga 2,500 kwa siku (asipotenga, siku ya tairi atakopa). Gharama 12,500. Kinabaki 15,500. Amekuwa kazini saa 11 ukiacha mapumziko, kwa hiyo saa yake moja ni kama shilingi 1,409.

Sasa mpe ile nyongeza ya 200 na umsogezee eneo. Safari zimerefuka, oda zimeshuka hadi 13, mafuta yameongezeka nusu lita. Anapata 28,600, anatumia 14,000, anabaki na 14,600. Ameongezwa bei na amepungukiwa 900. Wekeni hesabu ya namna hii mbele ya wenzenu kijiweni kabla ya kuipeleka kwa bosi, kwa sababu wapo watakaoipigia makofi nyongeza ya bei tupu.

Halafu linganisheni na sheria. Wastani wa kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi ulipandishwa kutoka 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi kuanzia 1 Januari 2026. Kila sekta ina mstari wake kwenye jedwali la Amri ya Mishahara, kwa hiyo tafuteni mstari wenu. Msichanganye na ile ya Mei Mosi 2025 pale Singida, Rais Samia alipotangaza kima cha chini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Ile ilikuwa ya watumishi wa umma. Mkiitaja mezani mtaonekana hamjajiandaa.

Dereva wetu wa 15,500 akifanya siku 26 anapata 403,000. Kwa haraka utasema yuko juu ya kima cha chini. Gawanya kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inageuza mshahara wa mwezi kuwa wa wiki kwa kugawa kwa 4.333, na wiki ya kawaida ni saa 45. Hiyo 358,322 inakuwa karibu 1,838 kwa saa. Yeye anapata 1,409. Tena anafanya saa 66 kwa wiki, yaani saa 21 za ziada, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Ukipiga hesabu kwa utaratibu huo, mwezi wake ungefika kama 609,000. Saa zenyewe zimevuka kiwango: sheria inaruhusu saa 50 za ziada katika wiki nne, yeye ana 84.

Hatua ya pili: kuthibitisha kwamba wewe ni mwajiriwa

Hapa ndipo wengi wanapokatiwa mazungumzo. Unasaini karatasi imeandikwa “mtoa huduma binafsi” au “wakala”, halafu ukidai saa za ziada unaambiwa sheria ya kazi haikuhusu.

Karatasi si mwisho wa habari. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje, endapo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kipo. Namna ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine. Saa zako zinapangwa na mwingine. Wewe ni sehemu ya taasisi hiyo. Umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Unamtegemea kiuchumi. Anakupa vitendea kazi. Unamfanyia kazi yeye peke yake.

Angalieni hicho cha saa: ni 45 kwa mwezi, si kwa wiki. Msambazaji wa siku sita anaimaliza kabla wiki haijaisha. Kwa hiyo tunzeni vitu vidogo: ujumbe wa kukupangia zamu, picha ya begi na koti lenye nembo, onyo la kuchelewa, taarifa za malipo kwenye simu. Anayetumiwa ujumbe “usipofika saa moja kamili nakufungia oda leo” ana ushahidi wa kigezo cha kwanza na cha pili kwa mpigo.

Hatua ya tatu: chama

Mnaweza kuanzisha chama kipya: kinaanzishwa kwenye mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20, kisha kinaomba usajili kwa Msajili ndani ya miezi sita. Inawezekana, lakini kwa kundi la watu 40 wa kampuni moja sikushauri. Katiba, ukaguzi wa hesabu na ripoti za kila mwaka vitakula nguvu ambayo ingetumika kwenye mazungumzo.

Njia nyepesi ni kujiunga na chama kilichopo. Kwa kampuni za usafirishaji na vifurushi, mlango wa kwanza ni COTWU(T), chama cha mawasiliano na uchukuzi. Kwa maduka makubwa, viwanda na wasambazaji wa bidhaa, ni TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Vyote viko chini ya shirikisho la TUCTA. Kabla ya kujaza fomu, waulizeni mikataba mingapi ya hali bora wamesaini Kanda ya Kati, muombe nakala moja mwisome, na muulize nani hasa atakaa nanyi mezani. Katibu anayekuja Mei Mosi na fulana tu si wa kumtegemea.

Kampuni ikiwa na wanachama kumi au zaidi, chama kinaweza kufungua tawi. Wawakilishi mahali pa kazi wanahesabiwa kisheria: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na kumi na tano wakizidi 100. Ada inakatwa kwenye mshahara kwa fomu mnayosaini, na mwajiri anatakiwa kuipeleka kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha.

Hatua ya nne: kupata wengi

Chama kikiwa na wanachama wachache kina haki ya kuingia kazini na kukutana nao. Ila kuwa wakala pekee wa majadiliano, yaani yule ambaye mwajiri analazimika kujadiliana naye, kunahitaji wengi: zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika kundi linalofaa kujadiliwa pamoja.

Kundi hilo ndilo kitu cha kufikiria kwa makini. Mkisema “wafanyakazi wote wa kampuni” mnawaingiza wa ofisini, wahasibu na walinzi, na huenda hamtafika nusu. Mkisema “wasambazaji wa pikipiki tu” mnawaacha watu wa stoo, na ndio wanaofunga mizigo. Kwa maoni yangu wasambazaji na watu wa stoo wawe kundi moja. Maslahi yao yanaingiliana: stoo ikichelewa, dereva anasubiri bila malipo.

Kusanyeni fomu kimya kimya kwanza. Si kwa sababu ni kosa, kujiunga na chama ni haki, na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya chama hakukubaliki kisheria. Ila kulinda haki kunachukua muda, na kodi ya chumba haisubiri. Jambo jingine halisemwi sana: masharti yanayomlinda mtu asiachishwe kazi isivyo halali hayamhusu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Wageni wasitangulizwe mbele. Wanaozungumza kwa sauti wawe wenye muda kazini. Mtu akiachishwa, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Hiyo siku ya 30 imewapoteza watu wengi waliokuwa wakiahidiwa “njoo wiki ijayo tuongee”.

Mazungumzo ya mmoja mmoja ndiyo yanayozaa fomu. Tangazo kwenye grupu la WhatsApp linafika kwa meneja kabla chai haijapoa. Mwendee mtu akiwa anasubiri oda, muulize kwanza jana alibakiwa na ngapi. Akianza kupiga hesabu mwenyewe, kazi imeanza.

Hatua ya tano: notisi

Mkishafika nusu na zaidi, chama kinampa mwajiri notisi ya kutaka kutambuliwa kwenye fomu ya serikali. Sheria inampa siku 30 kukutana nanyi ili kufunga makubaliano ya utambuzi. Asipokuja au msipoelewana, shauri linakwenda CMA kusuluhishwa, na usuluhishi ukishindikana linakwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Pelekeni notisi kwa mkono na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mapokezi wakikataa kugonga, andikeni jina la aliyekataa, tarehe na saa, washuhudie wawili.

Hatua ya sita: rasimu

Msiingie na orodha ya malalamiko, ingieni na rasimu ya mkataba iliyoandikwa vifungu. Aliyeleta karatasi ndiye anayefanya karatasi yake ijadiliwe.

*Malipo.* Ombeni mshahara wa msingi, na juu yake malipo ya kila oda. Mshahara wa msingi unakulinda siku ya mvua, mtandao ukikatika, au Bunge likifungwa na mji ukapoa. Malipo ya oda yapangwe kwa umbali kutoka stoo, si bei moja kwa Makole na Mtumba.

*Mafuta.* Hiki ndicho kifungu ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji mtu kuaminiwa. EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Dodoma ina bei yake kwenye jedwali. Msikubaliane shilingi, kubalianeni lita. Kwa mfano: “Kampuni italipa lita 2.5 kwa kila kilomita 100, kwa bei ya petroli ya EWURA kwa Dodoma ya mwezi husika.” Bei ikiwa 3,000, hiyo ni shilingi 75 kwa kilomita. Ikipanda hadi 3,300 inakuwa 82.5, yenyewe, bila barua wala kikao. Kwa anayetembea kilomita 120 kwa siku ni tofauti ya 900 kila siku, 23,400 kwa siku 26. Bei ikishuka kampuni nayo inapata nafuu, ndiyo maana mhasibu wao ataielewa haraka kuliko mnavyodhani.

*Kusubiri.* Oda haijawa tayari, mteja hapokei simu, mlinzi wa geti anataka kitambulisho. Wekeni dakika za bure, tuseme kumi, baada ya hapo kila robo saa ilipwe. Jiji la New York lilipoanza kusimamia kima cha chini kwa wasambaza chakula wa programu za simu mwishoni mwa 2023, dola 17.96 kwa saa kabla ya bahashishi, muda wa kusubiri oda ulihesabiwa. Mantiki ni ile ile Nzuguni: kama saa yangu umeichukua, umeichukua.

*Mzigo uliokataliwa.* Mteja aliyeagiza kwa makubaliano ya kulipa akipokea, akibadilisha mawazo, safari imekwishafanyika. Ilipwe, na kurudisha mzigo kulipwe.

*Makato.* Chakula kimemwagika, kifurushi kimepotea, wiki inayofuata pesa imekatwa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini hakiruhusu hivyo hivyo tu. Lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi na kuelezwa deni. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Awe amepewa nafasi ya kujieleza. Makato yasizidi hasara halisi. Na jumla isizidi robo ya malipo yake. Andikeni hayo yote ndani ya mkataba, hata kama yako kwenye sheria. Meneja wa zamu hasomi sheria, atasoma mkataba uliobandikwa ukutani.

*Pikipiki ya nani?* Kama ni yako, kampuni inatumia mtaji wako. Ombeni posho ya uchakavu kwa kilomita, tofauti na mafuta. Kama ni ya kampuni, andikeni nani anafanya sevisi na baada ya kilomita ngapi. Kofia ngumu, koti la kuakisi mwanga na la mvua viwe juu ya kampuni.

*Ajali.* Mwajiri anapaswa kuwa amejisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mchango huo ni wake peke yake, haukatwi kwako. Katika mkataba dai uthibitisho wa usajili na orodha ya majina iliyowasilishwa. Dai uthibitisho wa namna hiyo hiyo kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

*Kufungiwa.* Siku hizi kufukuzwa kumegeuka kufungiwa akaunti: unaamka, programu haikubali. Wekeni kwamba hakuna kufungiwa zaidi ya siku moja bila barua ya sababu na kikao chenye mwakilishi wa tawi, na siku hizo zilipwe ukionekana huna kosa.

*Wapya.* Kampuni inaweza kuwapa wa zamani kila kitu kwa sharti kwamba watakaoajiriwa kesho waanze na kiwango cha chini zaidi. Kikubali leo, baada ya miaka miwili wapya ni wengi na hawana sababu ya kukupenda. Nchini Marekani, mkataba wa 2018 wa kampuni ya vifurushi ya UPS uliunda daraja la madereva waliolipwa pungufu kwa kazi inayofanana, na kulifuta ikawa moja ya madai makubwa ya chama cha Teamsters mwaka 2023.

Vilivyobaki havihitaji ubunifu, vinakiliwe kutoka sheriani: zamu ya usiku kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi nyongeza ya asilimia 5, siku ya mapumziko na sikukuu malipo maradufu, mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, likizo ya siku 28.

Pangeni madai katika makapu matatu: yasiyopungua, yanayoweza kusogea, na yaliyowekwa ili yaachwe. Kapu la tatu lisijulikane nje ya timu.

Hatua ya saba: mezani

Timu ya watu watano inatosha: katibu wa chama, mwenyekiti wa tawi, mtu wa hesabu, mwandishi, na mmoja anayejulikana kwa upole. Huyo wa upole ana kazi: mambo yakichemka anaomba mapumziko. Kama kuna wanawake kazini, na stoo wapo, mmoja awe ndani. Suala la choo na usalama wa zamu ya usiku halitasemwa na mwanaume kama atakavyolisema mwanamke anayeliishi.

Msemaji awe mmoja. Kila kikao kiandikwe muhtasari na usainiwe pande zote kabla ya kuachana. Kilichokubaliwa kiwekewe sahihi ndogo pembeni, kisirudiwe.

Mapema au baadaye mtaambiwa kampuni haina uwezo. Mazungumzo huwa hivi:

“Kaka, tunawaelewa, ila hali ya biashara si nzuri. Tukiongeza tutafunga.”

“Dada, hatubishi. Mimi sijaona vitabu, siwezi kusema una uongo. Tuoneshe mauzo ya usambazaji na gharama zake kwa mwaka mmoja, tukae na mhasibu wetu wa chama, Jumatatu turudi.”

Hakuna ukali hapo, na hakuna kurudi nyuma. Sheria inamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema na ampe wakala aliyetambuliwa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana, isipokuwa siri halali au taarifa binafsi za watu. Anayesema hana uwezo amelifungua daftari mwenyewe. Akiwa hana kweli, mtaona, na mtazungumza kupanda kwa awamu. Akikataa kuonesha, andikeni kwenye muhtasari kwamba aliombwa na akakataa.

Jihadharini na soda na posho za vikao. Chai ya ofisini ni ukarimu. Bahasha ya “nauli” kwa timu ya mazungumzo ni kitu kingine, na kijiwe kitajua kabla hamjafika eneo la Sabasaba.

Baada ya kila kikao, rudini kwa wanachama siku hiyo hiyo. Ukimya unazaa uvumi kwamba mmenunuliwa.

Hatua ya nane: mkikwama

Madai ya malipo mapya ni mgogoro wa kimaslahi. Unapelekwa CMA kwa fomu yao namba moja, na msuluhishi ana siku 30. Mkiwa huko endeleeni na kazi kama kawaida. Hakuna zawadi kubwa kwa mwajiri kama vijana kuzima simu kwa hasira Ijumaa moja bila utaratibu. Huo ni mgomo usio halali, na barua za kuachishwa kazi zitafuata.

Mgomo halali una ngazi: mgogoro uwe wa kimaslahi, uwe umesuluhishwa na kushindikana, chama kiitishe kura kwa mujibu wa katiba yake na wengi wa waliopiga kura wakubali, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Ukiwa halali, hauhesabiwi kuvunja mkataba, na mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa kushika nafasi zenu. Lakini hatawalipa siku hizo. Na nyinyi hamruhusiwi kufanya mlolongo wa kuzuia getini, kumfungia mwajiri ndani, wala kumzuia kuingia. Wanaosambaza mahitaji ya hospitali wapate ushauri kwanza, kwa kuwa usafiri unaohitajika kuendesha huduma muhimu kama afya umewekewa mipaka.

Kura yenyewe mara nyingi inafanya kazi kuliko mgomo. Mwaka 2023 mkataba wa wafanyakazi wapatao 340,000 wa UPS ulikuwa unaisha 31 Julai. Mwezi Juni waliopiga kura waliridhia mgomo kwa asilimia 97. Makubaliano yalipatikana 25 Julai, na Agosti wanachama wakayapitisha kwa asilimia 86.3. Hawakugoma hata siku moja. Kampuni iliona idadi na ikaona tarehe.

Hatua ya tisa: sahihi na yanayofuata

Rasimu ya mwisho isomwe kwa wanachama kifungu kwa kifungu na ipigiwe kura. Mkataba wa hali bora unaanza kufunga pande zote ikiwekwa sahihi ya mwisho, isipokuwa umesema tarehe nyingine, na unawahusu hata wasio wanachama walio kwenye kundi lenu. Nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi. Kwa wanaofaidi bila kuchangia, chama kinaweza kukubaliana na mwajiri juu ya ada ya uwakala.

Teueni watu wawili wa kukagua hati za malipo za mwezi wa kwanza na wa pili, hasa kifungu cha mafuta. Makosa mengi huingia hapo, mengine kwa bahati mbaya. Mkitofautiana juu ya tafsiri, CMA tena, kisha Mahakama ya Kazi.

Kabla ya kusaini, pambaneni na tarehe ya kuisha. Mkataba ukiwa hai, hamuwezi kugoma juu ya jambo ambalo mkataba huo umelishughulikia, kwa hiyo siku unapoisha ndiyo siku mnapopata sauti tena. Kampuni itapendekeza 31 Desemba, kwa kuwa ndiyo desturi ya mahesabu yao, na kwa kuwa Januari Dodoma imepoa na watu wamemaliza pesa kwenye sikukuu na ada za shule. Nyinyi ombeni mwisho wa Aprili. Bunge la Bajeti linaanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, mji umejaa wageni, nyumba za wageni hazina nafasi, na oda za chakula cha jioni zinapangiana foleni. Anzeni madaftari mapya Novemba, notisi ya kufungua mazungumzo iende Januari, ili zile siku 30 za CMA, zikihitajika, ziwe zimekwisha kabla wabunge hawajafungua mabegi.